Karatasi ya Moyo Yasema Nini?



Labda wewe ulitoka hospitali juzi, na mkononi ulishika karatasi. Walikulaza kitandani, wakakufunga nyuzi za mashini kifuani, mikononi na miguuni. Au walikupaka mafuta ya baridi, wakapitisha juu ya mbavu zako kitu kama kipande cha sabuni. Kisha walikupa karatasi yenye maneno ya Kifaransa na herufi nyingi: ECG, HVG, FA, FEVG, IM. Uliwauliza watu nyumbani, nao wakatikisa kichwa. Usiku ule hukulala.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunasoma habari za mtu mkubwa wa Ethiopia aliyekuwa akisafiri garini. Mikononi alikuwa na kitabu cha nabii Isaya. Kusoma alijua, lakini maana hakuijua. Filipo alipomwuliza kama anafahamu, mtu yule alikiri kwamba amekosa mtu wa kumwongoza, akamsihi Filipo apande aketi pamoja naye. Alikuwa mtunza hazina ya malkia, lakini hakuona haya kuuliza. Basi wewe nawe usione haya. Katika kurasa hizi nataka kuketi karibu nawe, tuisome karatasi yako pamoja.

NENO MOJA LILILOLETA MSIBA

Kwanza nitakuambia kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi imepita tangu baba mmoja na mke wake walipomleta binti yao hospitali. Alikuwa na miaka 11. Mwaka uliotangulia, magoti yake yalikuwa yamevimba na kuuma, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, pamoja na homa. Sasa alikuwa akichoka sana kupanda kilima na ndoo ya maji. Mganga alimsikiliza kifua, akampima kwa mashini, akaandika kwenye karatasi neno «souffle», na chini yake «insuffisance mitrale». Akaagiza apigwe sindano ya penisilini kila wiki 4.

Siku ile mstari wa wagonjwa ulifika nje mpaka penye mwembe. Niliwapa wazazi karatasi, nikasema, «Mrudi baada ya wiki nne.» Sikusema neno lingine.

Nyumbani walimwita mjomba wa mtoto, aliyekuwa amemaliza shule. Aliyasoma maneno kama alivyofundishwa: «souffle» ni pumzi, na «insuffisance» ni kutotosha. Akasema, «Wameandika kwamba pumzi ya mtoto haitoshi.» Mjomba hakusema uongo; kwa Kifaransa cha shule ndivyo yalivyo maneno hayo. Lakini watu wa nyumba wakaanza kuulizana, «Pumzi ya mtoto imekwenda wapi? Ni nani anayeichukua?» Karibu nao alikaa mjane mzee, ambaye mtoto yule alizoea kumtekea maji. Wakamtia hatiani yeye. Wakaenda kwa mfumu, wakauza mbuzi wawili ili kumlipa. Mjane alifukuzwa, na nyumba yake ikabomolewa. Na sindano ya penisilini haikupigwa mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, wala wa nne.

Mwezi wa tano mtoto aliletwa kwa kipoyi. Miguu ilikuwa imevimba. Hakuweza kulala chali. Alikaa usiku kucha ameinama juu ya nguo zilizokunjwa. Ugonjwa ulikuwa umerudi na kuushika moyo mara ya pili. Mungu alitusaidia, mtoto akaishi, lakini moyo wake haukurudi kuwa kama siku ile ya kwanza.

Mama yake alinionyesha karatasi ileile, imekunjwa mpaka imepasuka, akaniuliza, «Baba, hii yasema nini kwa kweli?» Niliketi nikawaeleza. Nilitumia dakika kumi. Dakika kumi hizo ningaliweza kuzipata hata siku ya kwanza.

Baba wa mtoto alikwenda pamoja na mchungaji kuomba msamaha kwa mjane. Mjane aliwasamehe, lakini hakurudi kukaa kati yao. Alibaki kwa binti yake, mbali.

Ndiyo sababu naandika maneno haya. Karatasi isiyoelezwa inaweza kuumiza watu zaidi ya ugonjwa wenyewe.

MOYO UNAOPIMWA NI MOYO GANI?

Maandiko yanaposema juu ya moyo, mara nyingi husema juu ya mawazo, mapenzi na imani ya mtu. Mashini ya hospitali haioni mambo hayo. Wako watu wanaoogopa kupimwa, wakidhani dhambi zao za siri zitaandikwa kwenye karatasi. Wako wengine ambao, wakisikia kwamba picha imeonyesha moyo mkubwa, hufurahi, kwa maana sisi humsifu mkarimu na kusema ana moyo mkubwa. Sivyo, wapenzi. Karatasi husema habari za nyama tu.

Nyama hiyo ina ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Chumba cha juu hupokea damu. Chumba cha chini huisukuma kwa nguvu. Upande wa kuume hupeleka damu kwenye mapafu ichukue hewa safi. Upande wa kushoto huipeleka mwilini mwote. Kuna na milango minne, ambayo kazi yake ni kufunguka damu ipite na kufungika damu isirudi nyuma. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Kwa siku moja hupiga kama mara 100,000.

Basi maswali ya mganga ni machache. Je, moyo unapiga kwa utaratibu? Je, una nguvu ya kusukuma? Je, kuta zake zimenenepa? Je, milango inafunguka na kufungika? Maneno yote magumu ya karatasi ni majibu ya maswali hayo manne.

KUSIKILIZA: NENO «SOUFFLE»

Mwaka wa 1816, mganga Laennec wa Ufaransa alikunja karatasi kama bomba ili kusikiliza kifua cha mgonjwa mwanamke, kwa maana hakuona vema kuweka sikio lake kifuani pake. Tangu hapo waganga husikiliza moyo kwa chombo.

«Souffle» si pumzi ya mtu, wala hakuna aliyeichukua. Ni sauti ya damu. Uende mtoni ukasikilize. Mahali maji yanapopita katika mfereji mpana, yananyamaza. Mahali yanapobanwa kati ya mawe, hupiga kelele. Vilevile damu ikipita katika mlango uliobanwa, au ikirudi nyuma katika mlango usiofungika, hufanya sauti. Mganga ameisikia sauti hiyo, akaandika jina lake.

Angalia na hili: watoto wengine wazima kabisa wana sauti hiyo ndogo, nayo haina ubaya. Ndiyo sababu baada ya kusikiliza, mganga hutaka kutazama kwa mashini kabla ya kusema ni ugonjwa.

KARATASI YENYE MISTARI: ECG

Moyo hupiga kwa sababu ya umeme mdogo unaotoka ndani yake wenyewe. Mashini haikutii umeme. Inasikia tu ule ulio ndani yako, na kuuchora. Willem Einthoven wa Uholanzi alitengeneza njia hiyo, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Majina ya mawimbi, P, Q, R, S na T, yametoka kwake. Wimbi P ni vyumba vya juu. QRS ni vyumba vya chini. T ni vyumba vya chini vikijiweka tayari tena.

Haya ndiyo maneno unayoweza kuyaona:

«Rythme sinusal régulier», au herufi RRS. Wengine husikia neno hili wakadhani ni ugonjwa wa pua, ule uitwao sinusite. Sivyo. Maana yake ni kwamba umeme unaanza mahali pake panapostahili, nao unakwenda kwa utaratibu. Ni habari njema.

FC. Ni hesabu ya mapigo kwa dakika moja. FC 78 ni mapigo 78.

RAS. Mzee mmoja wa kanisa alinijia na huzuni nyingi, akisema mganga ameona ugonjwa wa RAS kifuani mwake. Alikuwa amekwisha kuwaagiza wanawe namna ya kugawanya mbuzi zake. Nikamwambia kwamba RAS ni herufi za maneno ya Kifaransa, na maana yake ni: hakuna neno baya la kutaja. Alicheka sana, akaondoka upesi kuwaambia wanawe wangoje.

«Onde T négative». Shuleni tumezoea kwamba neno «négatif» ni kukataa, na kwa vipimo vya damu mara nyingi ni habari njema. Hapa si hivi wala si vile. Maana yake ni kwamba wimbi T limeelekea chini mahali ambapo mganga alingoja lielekee juu. Kwa watu wengine ni alama ya ugonjwa, kwa wengine si kitu. Mganga atalitazama pamoja na mambo mengine.

HVG. Ni kunenepa kwa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto. Tazama mkono wa mtu atwangaye kila siku: nyama yake hunenepa. Na moyo, ukisukuma damu kila siku kwa kushindana na tansio ya juu, ukuta wake hunenepa vilevile. Lakini usifurahi, kwa maana ukuta mnene huwa mgumu, na mwisho wake huchoka. Ukiona HVG, uulize mara moja habari za tansio yako.

FA. Hapa vyumba vya juu havipigi, vinatetemeka tu, na mapigo hayana utaratibu. Damu ikikawia ndani ya chumba kinachotetemeka, inaweza kuganda. Donge la damu likitoka na kufika kichwani, mtu hupooza upande mmoja. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa FA hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Ukipewa moja ya dawa hizo inayodai kipimo cha damu kiitwacho INR, usikose siku ya kupimwa, wala usichanganye na dawa za majani au dawa za sokoni bila kuuliza.

Na uweke neno hili akilini: ECG ni picha ya dakika ile tu. Inaweza kuwa njema, na ugonjwa ukawapo. Ukiendelea kusikia maumivu au kukosa pumzi, rudi. Usiseme, «Mashini ilisema niko mzima.»

TANSIO: 14 AU 140?

Wengi hufadhaika wakiona kwenye karatasi moja 14/9, na kwenye nyingine 140/90. Ni kitu kilekile. Waganga wengine huandika kwa sentimita, wengine kwa milimita. Hesabu ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika. Ikiwa tansio ya mtu mzima hufika 140/90 au kupita, tena imepimwa siku mbalimbali, basi iko juu, hata kama yeye hasikii neno lo lote mwilini. Ugonjwa huu hauna kelele. Wengi huujua siku wanapoanguka.

Dawa yake hunywewa kila siku, hata siku unapojisikia mzima. Na chumvi ipunguzwe. Makayabu ni chakula kitamu, lakini yana chumvi nyingi sana. Mwenye tansio afadhali ale samaki wabichi.

PICHA YA MOYO: EKOGRAFI

Mwaka wa 1953, huko Lund katika nchi ya Uswidi, mganga Edler na rafiki yake Hertz, mtu wa elimu ya fizikia, walijaribu kutazama moyo kwa mashini iliyokuwa ikitafuta nyufa katika chuma, mashini waliyoiazima kwenye kiwanda cha meli. Inatuma sauti nyembamba ambayo sikio halisikii, na sauti ikirudi inachora picha. Haina moto, haikati, wala haimdhuru mama mwenye mimba. Haiko katika kila hospitali. Wagonjwa wengi wa vijiji vyetu hutumwa mjini, kama Bunia, Goma, Bukavu au Lubumbashi, na hurudi na karatasi ndefu. Mara nyingine juu yake wameandika ETT. Ni ekografi ya moyo tu.

OG, OD, VG, VD. Hizi ni anwani za vyumba vinne. O ni chumba cha juu, V ni chumba cha chini. G ni kushoto, D ni kuume. Wakiandika kwamba OG ni «dilatée», maana yake chumba cha juu cha kushoto kimepanuka.

FEVG. Hapa wengi hulia bure. Kijana mmoja, mwanafunzi, aliona «FEVG 62%», akasema, «Moyo wangu umepata 62 tu kwa 100!» Ndugu, hizi si alama za shule. Hakuna moyo unaopata 100. Hesabu hii husema ni sehemu gani ya damu iliyo ndani ya chumba cha chini cha kushoto hutoka kwa pigo moja. Moyo mzima, kwa desturi, hutoa kati ya 55 na 70. Ikishuka chini ya 50, nguvu imepungua. Ikifika 40 au chini yake, moyo ni dhaifu, nao unahitaji dawa na uangalizi. Lakini usitegemee hesabu hii peke yake, maana FEVG inaweza kuwa njema hali milango ni migonjwa.

RM na IM. Kati ya vyumba viwili vya kushoto kuna mlango uitwao mitrali. RM maana yake mlango huo umekuwa mwembamba, damu inapita kwa shida. IM maana yake mlango haufungiki vizuri, damu inarudi nyuma. Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa binti yule. «Insuffisance» haikusema kwamba pumzi haitoshi. Ilisema kufungika kwa mlango hakutoshi.

Ujihadhari na herufi IM. Zikiandikwa kando ya jina la dawa, maana yake ni sindano ya kupigwa katika nyama ya mwili. Herufi ni zilezile, maana mbili. Ndiyo sababu nasema usimpe mtu ye yote tu kukusomea.

«Minime», «modérée», «sévère». Usiache kuyatafuta maneno haya matatu, kwa maana yanakuambia kiasi. La kwanza ni kidogo sana, la pili ni katikati, la tatu ni kali. Milango ya watu wazima wengi huvuja kidogo sana, na hawatapata taabu kwa ajili yake. Mtu mwenye «sévère» imempasa kufuata shauri la mganga bila kukawia.

CMPP. Hili ni neno la akina mama. Ni udhaifu wa moyo unaoanza karibu na mwisho wa mimba au katika miezi 5 baada ya kuzaa. Mama anayevimba miguu na kukosa pumzi baada ya kuzaa asiambiwe ni uchovu tu, wala asiambiwe amelogwa. Aletwe hospitali. Tena asishike mimba nyingine kabla ya kusema na mganga. Mama mwenye RM naye asishike mimba kabla ya kuuliza, kwa maana mimba huongeza kazi ya moyo.

UGONJWA WA MILANGO HUTOKA WAPI?

Katika nchi yetu milango ya moyo ya watoto na vijana huharibiwa sana na homa ya viungo. Mwanzo wake ni kooni. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokoki. Asipopata dawa, wiki mbili tatu baadaye huweza kupata homa, na viungo vikubwa kuvimba, hiki leo, kile kesho. Viungo hupona, lakini milango ya moyo hubaki na makovu. Watoto wa miaka 5 mpaka 15 ndio hasa wanaoshikwa.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, usimpe maji ya chumvi tu na kungoja. Mlete apimwe. Na kama amekwisha kupata homa ya viungo, sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ni ukuta wake. Sindano haiondoi kovu lililokwisha kuwapo. Inazuia ugonjwa usirudi kuongeza kovu jipya. Wazazi wengi huacha wakiona mtoto anacheza vizuri. Lakini anacheza vizuri kwa sababu ya sindano. Ukuta ukibomolewa, adui huingia.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usitoke hospitali kabla hujauliza maswali manne: Jina la ugonjwa wangu kwa Kiswahili ni nini? Ni mdogo, wa katikati, au mkali? Nitatumia dawa gani, kwa muda gani, na nirudi lini? Ni alama gani zinazonipasa kuja upesi?

2. Kisha umwambie mwuguzi kwa maneno yako mwenyewe yale uliyoyasikia. Ukikosea, atakusahihisha palepale. Ukimwona ana haraka, ngoja mpaka mstari upungue, lakini usiende. Nasi wauguzi tusikasirike tukiulizwa. Kueleza ni sehemu ya dawa.

3. Uje na mtu mmoja wa nyumbani, yule ambaye neno lake husikiwa. Kama mjomba yule angalikuwa pamoja nasi siku ya kwanza, mjane angalikuwa nyumbani kwake mpaka leo.

4. Tunza karatasi zako zote. Zitie katika mfuko wa plastiki, mbali na mvua, panya na mende. Mara nyingi karatasi ya ECG huchorwa kwa moto, basi jua na joto hufuta mistari yake. Usiibandike ukutani karibu na jiko. Ukiweza, itolee fotokopi au ipige picha kwa simu. Karatasi ya zamani humsaidia mganga kuona kama moyo umeendelea vema au vibaya.

5. Usiache dawa kwa sababu ya neno ulilosoma, wala kwa sababu ya neno ulilosikia sokoni, wala kwa sababu umeombewa. Tunaomba, na tunakunywa dawa. Luka alikuwa tabibu, naye alisafiri pamoja na Paulo katika kazi ya Injili.

6. Njoo upesi, hata usiku, ukiona moja ya alama hizi: kukosa pumzi unapolala chali, miguu kuvimba, kifua kubanwa kama kwa jiwe zito, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito.

NENO LA MWISHO

Ndugu, sitakudanganya. Mara nyingine karatasi husema neno zito. Milango mingine yahitaji upasuaji, na upasuaji huo hupatikana mbali na kwa fedha nyingi. Hata hivyo, mtu ajuaye ugonjwa wake hupigana mchana, kwa macho wazi. Asiyejua hupigana gizani, naye huweza kumpiga jirani yake asiye na kosa.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Bado hupigwa sindano yake, naye huja siku yake bila kukumbushwa. Siku moja nilimkuta penye mstari, ameketi karibu na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Walikuwa wameifungua karatasi ya mtoto magotini. Alikuwa akimwonyesha neno «souffle» kwa kidole, akimweleza habari za maji ya mtoni yapitayo kati ya mawe. Kisha alimwambia, «Mengine sijui. Tumwulize mwuguzi sasa hivi, kabla hujaenda.»

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Je, «souffle» kwenye karatasi ya moyo ni pumzi ya mtu? Eleza maana yake.
2. FEVG ya 60% ni nzuri au mbaya? Kwa nini?
3. Tansio ya 16/10 na ya 160/100 zinatofautianaje?
4. Herufi IM zina maana gani mbili?
5. Mtoto mwenye homa ya viungo anacheza vizuri. Je, aache sindano?
6. Katika Matendo, sura ya 8, mtu wa Ethiopia alifanya nini alipokuwa hafahamu aliyoyasoma? Na wewe utafanya nini?